Ua, Kunguru na Banda la Njiwa: Sura ya Historia ya Michenzani

Historia ya banda la njiwa katika mitaa ya Ng'ambo, yaani upande wa mji wa Zanzibar ulio mashariki ya Mji Mkongwe, ambao zamani ulitengwa nao kwa mkono wa bahari, haitengani na historia ya ua. Michenzani, mtaa uliopata jina lake kutokana na michenza, miti izaayo machenza, ulikuwa na nyumba nyingi za boriti za mikoko na udongo zilizoezekwa makuti. Mbele ya nyumba palikuwa na baraza ya kupokelea wageni, na nyuma palikuwa na ua, ambamo wenyeji walipikia, wakafulia na kufuga kuku na njiwa.

Njiwa alipendwa kwa sababu hula mtama na mabaki ya nafaka, na pia kwa heshima aliyopewa na mapokeo ya Waislamu, yanayosimulia kwamba njiwa walitaga mlangoni mwa pango la Thaur Mtume alipojificha humo. Banda lake huwa ni sanduku la mbao, mara nyingi mbao za makasha ya bidhaa, lililoinuliwa juu ya nguzo ili paka na panya wasilifikie, na kugawanywa vitundu, yaani vyumba vidogo vyenye tobo la kuingilia. Kila jozi huhitaji vitundu viwili, kwa kuwa jike hutaga mayai mawili, wazazi wote wawili hupokezana kuyaatamia kwa siku 18 hivi, na mara nyingi hutaga tena kabla makinda ya kwanza hayajaruka.

Udogo wa tobo hilo ulipata umuhimu mpya baada ya miaka ya 1890, wakati kunguru wa India walipoletwa Unguja ili wale taka za mji. Ndege hao waliongezeka kupita kiasi, wakawa wezi wa mayai na makinda, hata mfugaji akalazimika kufunika kiota ambacho pengine angekiacha wazi.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Serikali ya Abeid Amani Karume, ikisaidiwa na Ujerumani Mashariki, ilikusudia kuijenga Ng'ambo upya, na mpango wa mwaka 1968 uliochorwa na mtaalamu Hubert Scholz ukaleta Michenzani majumba ya maendeleo, yaani majengo ya ghorofa, mengine yenye urefu wa karibu mita 300, yaliyopangwa kando ya barabara zinazokutana kwenye mzunguko mmoja. Majumba hayo yaliwapa wakaazi kuta imara, maji ya bomba na umeme, mambo ambayo hayafai kudharauliwa. Lakini nyumba za udongo zilipobomolewa, nyua zao nazo ziliondoka, na familia iliyopanda ghorofani ilibaki na roshani tu.

Kwa hiyo banda la njiwa ni kipimo cha haki cha makaazi, kwa sababu huonyesha kama mwenye nyumba amebakiwa na kipande cha ardhi chini ya mbingu. Wanaopanga upya mitaa ya Ng'ambo leo wanapaswa kuhesabu vyumba, na wahesabu nyua pia.