Shaba ya Likasi na Joto la Kinywaji

Shaba ni madini yasiyoweza kuzuia joto, kwani hulipitisha kwa wepesi unaopita ule wa chuma kisichoshika kutu zaidi ya mara 20. Basi si ajabu kwamba Wasanga, ambao zamani za kale waliyeyusha mawe ya kijani ya nchi ya Likasi na kumimina misalaba iliyotumika kama fedha, hawakusifika kwa vikombe. Munkoyo yao ya mahindi na mizizi hunywewa baridi, na kibuyu chaitosha.

Haja ya kinywaji cha moto ilikuja na wageni. Msiri, Mnyamwezi aliyejitwalia ufalme Bunkeya na kuuawa mwezi Desemba 1891, alifungua njia za misafara hata pwani ya mashariki, na huko pwani watu walikwisha kuitatua mas'ala ya kahawa inayopoa kwa hekima ambayo mimi sioni kama imepitwa: dele la shaba huwekwa juu ya makaa, na muuzaji huzunguka mitaani akiwa na moto wake mkononi.

Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoasisiwa mwaka 1906, na hatimaye, mwaka 1929, ilipoanza kusafisha shaba kwa umeme katika kiwanda cha Shituru, mji wa Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville hata mwaka 1966, ukawa mji wa zamu na king'ora. Maji ya mto Lufira yaliyozuiliwa Mwadingusha yalizalisha umeme tangu 1930, lakini umeme ule ulikuwa kwanza wa viwanda. Chai ya nyumbani aghalabu ilichemka juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, na aliyetaka kuihifadhi sharti apate termosi. Chombo hicho asili yake ni chupa ya kuta mbili, isiyo na hewa katikati, aliyoibuni James Dewar huko Uingereza mwaka 1892, na Wajerumani wakaanza kuifanyia biashara mwaka 1904. Hakina moto wala waya. Kazi yake ni kulinyima joto njia ya kutokea.

Siku hizi yupo mshindani, naye ni kikombe cha kampuni ya Kimarekani Ember, ambacho kwa betri, kipashajoto na programu ya simu hushikilia kinywaji katika nyuzi 50 hadi 62 hivi, kwa muda wa saa moja na nusu, kisha hudai kurudishwa penye umeme. Na bei yake hupita dola 100. Betri za namna hiyo nyingi hutiwa kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Shituru yenyewe imeisafisha kwa miaka mingi. Hata hivyo, kuwa karibu na mgodi hakumpunguzii mnunuzi hata senti moja.

Kwa insafu, kikombe hicho si mzaha: anayekunywa polepole mezani, penye umeme usiokatika, atapata ladha ileile tangu funda la kwanza hata la mwisho. Lakini katika Likasi, ambako umeme hukatika bila taarifa, termosi nzuri ya chuma huhifadhi chai ya alfajiri hata adhuhuri kwa sehemu ndogo ya bei ile. Mwenye dola 100 na anunue termosi, na zinazobaki azipeleke kwenye majani ya chai na sukari.