Nani mwenye hesabu ya duara? Kisa cha Panorama Tools

Wasomaji wangu wa kawaida mwajua kwamba sichoki kusifu programu huria. Leo nitaeleza kisa ambacho huku pwani hatukisimulii, ingawa yeyote aliyewahi kuunganisha picha za magofu ya Gede au za hori ya Kilifi kwenye kompyuta bila kulipa senti amekula matunda yake. Ndani yake kuna profesa Mjerumani, kampuni ya Marekani, mawakili, na hesabu ambazo nusu yake hufundishwa sekondari.

Tuanze na kazi yenyewe. Simama katikati ya msikiti mkuu wa Gede. Hakuna lenzi ya kawaida itakayozikusanya kuta zote katika picha moja, kwa hiyo unapiga ya kwanza, unageuka kidogo, unapiga ya pili, hivyo hivyo mpaka urudi ulipoanzia, kila picha ikirudia sehemu ya ile iliyotangulia. Wengi hudhani kinachobaki ni kushona tu, kama vipande viwili vya leso. Sivyo. Picha ni bapa, lakini ulimwengu unaokuzunguka ni kama ndani ya mpira. Programu inabidi ijue kila picha ilielekea wapi, ilitazama juu au chini, na kamera iliinama kiasi gani. Irekebishe mpindo wa lenzi, iibandike picha ndani ya ule mpira, halafu iufungue mpira uwe bapa tena, kazi ile ile ya wachora ramani.

Ili ijue hayo yote inahitaji alama: jiwe hili kwenye picha ya kwanza ndilo jiwe lile kwenye picha ya pili. Na pale Gede mawe ya matumbawe yote yanafanana! Majani ya miti nayo hayatulii. Ukienda Mnarani kupiga picha ya daraja la Kilifi, mashua inasonga kati ya picha na picha, na mwisho unapata nusu mashua inayoelea bila nahodha.

Mwaka 1998 Helmut Dersch, profesa katika chuo cha Furtwangen, kusini mwa Ujerumani, alitoa Panorama Tools. Ilifanya yote niliyoeleza hapo juu, na ilikuwa ya bure. Mpaka leo programu nyingi za kazi hii zinatumia herufi zake a, b na c za kurekebisha mpindo wa lenzi. Sasa shika jambo moja, maana kisa kizima kimesimama juu yake: maktaba ya hesabu aliitoa pamoja na kodi yake chini ya leseni ya GPL, lakini PTStitcher, ile programu iliyozikunja na kuzipanga picha kuwa moja, aliitoa bila kodi. Ukiipata unaitumia, ila huwezi kuifungua uone imetengenezwaje.

Upande wa pili kulikuwa na iPIX, kampuni ya Oak Ridge, Tennessee. Hawa walishika hataza (patenti, kama wengi tunavyosema) namba 5,185,667 ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1993. Kwa lugha nyepesi: unapiga picha kwa lenzi ya jicho la samaki, kisha kompyuta inakunyooshea sehemu yoyote unayotaka kuitazama, kana kwamba unageuza kamera, ilhali hakuna kinachogeuka. Biashara yao ilikuwa kumlipisha mteja kwa kila picha anayotengeneza. Niwe mwadilifu: kufanya hivyo papo kwa papo kwenye mashine za wakati ule ilikuwa kazi ya wahandisi wa kweli. Lakini jicho la samaki lenyewe ni la kale. Robert Wood alilieleza mwaka 1906, na mwaka 1924 Robin Hill wa Uingereza alikuwa na lenzi ya kupiga anga lote ili apime mawingu. Hesabu ya kunyoosha duara haikuzaliwa Tennessee.

iPIX hawakuwa watu wa vitisho vitupu. Waliishtaki kampuni ya Infinite Pictures, na baraza la wazee wa mahakama likawapa dola 1,000,000. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilikubali hukumu hiyo. Jiweke katika nafasi ya mwalimu wa chuo anayegawa programu bure, halafu barua za mawakili wa watu hao zinakufikia. Dersch kwanza alifunga uwezo wa programu yake, isikubali lenzi ya jicho la samaki inayozidi digrii 160. Haikutosha. Mwaka 2001 aliacha kuiendeleza.

Hapa ndipo Malindi inaingia. Hataza hufanya kazi katika nchi iliposajiliwa tu. Anayetaka ulinzi Kenya lazima apitie taasisi yetu ya KIPI au shirika la ARIPO kule Harare, na Sheria yetu ya Mali ya Kiviwanda ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba nadharia za sayansi na mbinu za hesabu hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Hataza ya Marekani peke yake haimfungi mtu wa Malindi hata kwa uzi. Lakini sheria isipokufunga na mwenye programu akanyamaza, wewe unabaki na nini? Mtandao hauna forodha: programu ikiachwa na fundi wake kwa sababu ya Tennessee, imeachwa na kwa Malindi pia.

Kilichoiokoa ni hakimiliki. Nacheka kila nikilifikiria hili, kwa sababu sisi wa programu huria tunapenda kuilaumu. GPL ni leseni ya hakimiliki; inamwambia aliyepokea kodi kwamba anaweza kuinakili, kuibadili na kuigawa, na haki hiyo haifi mwandishi akichoka au akiogopa. Wapenzi wa picha waliichukua ile maktaba wakaendelea nayo, na baadaye kile kizuizi cha digrii 160 kikaondolewa. PTStitcher je? Ilibaki kama jiwe, hakuna wa kuitengeneza. Ilibidi iandikwe upya kutoka sifuri: Pablo d'Angelo, aliyeanzisha Hugin, alitengeneza nona, na wengine wakatengeneza PTmender. Mwaka 2004 Andrew Mihal akaleta Enblend ya kuficha mishono. iPIX wenyewe walifilisika mwaka 2006, na muda wa hataza ile ulikwisha zamani.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Zile alama nilizotaja, za jiwe hili na jiwe lile, zamani ulizibonyeza mwenyewe kwa kipanya moja moja. David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, aligundua njia ya kompyuta kuzitafuta yenyewe, akaiita SIFT, na chuo kikapata hataza ya Marekani mwaka 2004. Mwaka huo huo Sebastian Nowozin alitoa autopano-sift, programu huria inayotumia njia hiyo. Baadhi ya wasambazaji wa Linux, Fedora kwa mfano, hawakuthubutu kuiweka. Tazama ajabu: Hugin ipo, autopano-sift ipo, zote huria, na mtu bado anabonyeza mawe kwa mkono. Safari hii watu wa Hugin hawakusubiri. Waliandika kitafutaji chao, cpfind, kisichogusa hataza, kikatoka mwishoni mwa 2010. Hataza ya SIFT iliisha Machi 2020, na Julai mwaka huo OpenCV wakaihamishia kwenye kundi lao kuu.

Kuna mwenye hoteli mmoja wa Watamu aliyenitaka nimpigie picha ya duara ya ua wake, akaniuliza: hii picha itakuwa ya nani, yangu, yako, au ya hao wenye programu? Wenye programu hawana chao. GPL inahusu kodi, haiigusi picha inayotoka. Kati yangu na yeye, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ya kuagizwa huhesabiwa ya aliyeiagiza, mpaka muandikiane vingine. Wapiga picha wengi huku hawalijui hili, nao hufanya kazi kwa maneno matupu. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa unaoonekana toka barabarani, naye akahofia mchoraji. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma. (Ruhusa ya kupiga picha za biashara ndani ya maeneo ya Makumbusho ya Taifa, Gede ikiwemo, ni habari nyingine, kaiombe kwanza.)

Kisha akauliza kama naweza kumtengenezea programu yake mwenyewe kutokana na Hugin, aiuzie hoteli nyingine, kodi ifichwe. Nikamwambia kuuza ruksa, kuficha hapana: anayeinunua ana haki ya kupewa kodi yote. Alifikiri kidogo, akachukua picha tu.