Injini inapomisi: Namna ya kutafuta chanzo nyumbani kabla ya kununua kipuri

Injini ambayo silinda yake moja haiwaki sawasawa hula mafuta mengi, hupoteza nguvu na huweza kuharibu vipuri vya bei kubwa. Jijini Bujumbura, ambako petroli imekuwa adimu katika miaka ya karibuni na karibu kila kipuri hutoka ng'ambo, uchunguzi unaoanza na mambo yasiyogharimu chochote humwokolea mwenye gari fedha nyingi.

Katika mtaa wa Buyenzi, unaojulikana kwa wasemaji wake wa Kiswahili na kwa mafundi wake wa magari, hitilafu hii hutambuliwa kwa sikio. Gari likiwa limesimama, injini hutetemeka kwa mapigo yasiyolingana, na bomba la moshi hutoa sauti ya kukatika-katika. Mafundi husema injini "inamisi". Dereva wa teksi husikia dalili hiyo kwa wasiwasi, kwa kuwa siku moja gereji ni siku isiyo na hesabu ya kumpelekea tajiri.

Maana ya kumisi

Katika injini za kawaida za petroli, kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini. Injini inayozunguka mara 800 kwa dakika hutarajia kila silinda iwake mara 400 katika dakika hiyo. Silinda moja kati ya nne ikiacha kuwaka, tatu zilizobaki hulazimika kuibeba.

Ili silinda iwake, mambo matatu lazima yakutane: cheche yenye nguvu inayotokea kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, na mgandamizo wa kutosha. Chanzo cha kumisi hupatikana katika mojawapo ya mambo hayo. Maelezo haya yanahusu injini za petroli. Injini za mazutu hazina plagi za cheche na uchunguzi wake ni mwingine.

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua kwa kubahatisha: leo plagi nne, wiki ijayo koili, kisha pampu ya mafuta, na injini bado inamisi. Kipuri kisinunuliwe kabla ya kupatikana ushahidi dhidi ya kile cha zamani.

Kwanza, maswali

Hatua ya kwanza haihitaji hata spana. Mwenye gari ajiulize hitilafu hutokea lini. Ikianza baada ya mvua au baada ya kupita katika maji, kama yale yanayofurika mara kwa mara upande wa Gatumba, unyevu umeingia katika koili au nyaya za plagi. Ikianza mara baada ya kujaza mafuta ya dumu, mafuta yenyewe ndiyo mshukiwa. Ikitokea asubuhi tu na kutoweka injini ikipata joto, huenda hewa inavuja mahali fulani, au maji ya redieta yanapenya ndani ya silinda usiku.

Mlima nao ni kipimo. Bujumbura iko chini, kando ya Ziwa Tanganyika, ilhali barabara ya kuelekea Bugarama hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini inapobeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke. Kwa hiyo koili iliyochoka inaweza kufanya kazi vizuri mjini na kushindwa mlimani.

Taa ya injini kwenye dashibodi pia itazamwe. Ikiwaka bila kukatika, kuna hitilafu iliyorekodiwa na kompyuta ya gari. Ikipepesa, petroli isiyoungua inaingia katika bomba la moshi na inaweza kuunguza kichujio cha gesi, yaani katalisti. Hapo dereva apunguze mwendo, asimamishe gari mahali salama na asiendelee na safari.

Kifaa kidogo cha kusomea hitilafu kinaweza kuazimwa. Namba P0301 humaanisha silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 humaanisha kumisi kunahamahama. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayasomwi na vifaa hivyo rahisi. Kwa hayo, njia inayofuata inatosha.

Pili, kuitambua silinda yenye tatizo

Katika magari kama Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake. Injini ikiwa imezimwa, soketi ya waya mwembamba ya koili ya kwanza huchomolewa. Kisha injini huwashwa kwa sekunde chache na kusikilizwa, halafu huzimwa na soketi kurudishwa. Zoezi hurudiwa kwa silinda zote, moja baada ya nyingine.

Silinda nzima ikinyimwa cheche, mtetemo huzidi. Silinda ambayo hata ikinyimwa cheche hakuna kinachobadilika ndiyo ambayo haikuwa ikifanya kazi. Zoezi lisirefushwe, kwa sababu petroli isiyoungua hudhuru katalisti. Waya wa plagi au koili visivutwe kwa mkono injini ikiwa inazunguka: umeme wake hufikia maelfu ya volti.

Magari ya zamani yenye distributa na nyaya ndefu za plagi yana kipimo kingine. Usiku, kwenye giza, boneti hufunguliwa injini ikiwa inazunguka. Waya uliopasuka huonekana ukitoa vicheche vya buluu pembeni mwake.

Tatu, kubadilishana nafasi

Hiki ndicho kipimo kikuu cha mtu mwenye fedha kidogo, kwa kuwa hutumia vipuri vilivyomo tayari ndani ya gari. Tuseme silinda ya tatu ndiyo inayomisi. Koili yake huhamishiwa silinda ya pili, na ya pili huletwa ya tatu. Tatizo likihamia silinda ya pili, koili ndiyo mbovu, na ni koili moja tu ya kununua. Likibaki silinda ya tatu, koili haina hatia. Plagi nazo hubadilishana nafasi kwa utaratibu uleule.

Kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Anayehamisha koili na plagi kwa pamoja hatajua ni ipi iliyohama na ugonjwa. Kila koili iandikwe namba kwa kalamu kabla ya kutolewa.

Nne, kuisoma plagi

Plagi, ambayo wengi mjini Bujumbura huijua kwa jina la Kifaransa la buji, hutolewa injini ikiwa imepoa. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu huashiria mwako mzuri. Masizi makavu meusi huonyesha petroli nyingi kupita kiasi au cheche dhaifu. Plagi iliyolowa petroli inatoka katika silinda isiyowaka. Weupe mkali huashiria joto kupita kiasi au uhaba wa petroli.

Shimo la plagi nalo likaguliwe. Oili iliyojaa humo hutokana mara nyingi na sili zilizochakaa za kifuniko cha valvu. Hulowesha koili na kuvujisha umeme. Dawa yake ni sili mpya, ambazo bei yake ni ndogo kuliko ya koili. Mstari mweusi kwenye kauri nyeupe ya plagi huonyesha mahali umeme unapotorokea. Plagi hiyo haitengenezeki. Plagi ya iridiamu isisuguliwe kwa brashi ya waya, kwani ncha yake ni nyembamba na huvunjika. Wakati wa kurudisha, plagi ianze kukazwa kwa vidole ili isiharibu nyuzi za kichwa cha injini.

Tano, mafuta na hewa

Injini ikimisi katika silinda zote, macho yaelekezwe kwenye petroli na hewa. Petroli ya dumu inaweza kupimwa kabla ya kumiminwa: kiasi kidogo hutiwa katika chupa ya kioo na kuachwa kitulie kwa nusu saa, mbali na moto na sigara. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini na mpaka wake huonekana. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka bila kuacha doa la mafuta. Doa likibaki, huenda imechanganywa na mafuta ya taa au mazutu.

Uvujaji wa hewa hutafutwa kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine ikipitishwa karibu na mabomba ya hewa yanayoingia kwenye injini, mbali na feni na mikanda. Sauti ya mvumo mwembamba huonyesha palipopasuka. Kunyunyizia petroli ili kutafuta uvujaji, kama wafanyavyo baadhi ya watu, kumesababisha moto na kusifanywe.

Panapohitaji fundi

Cheche, petroli na hewa vikiwa salama, hubaki mgandamizo. Kipimo chake ni geji ya kuazima au ya fundi, na silinda zote hupimwa. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, kijiko cha oili hutiwa ndani yake na kipimo hurudiwa. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Usipopanda, kasoro huwa kwenye valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, na maji ya redieta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, gasketi ya kichwa cha injini ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kazi hiyo, pamoja na kufungua nozeli au pampu iliyomo ndani ya tangi, haifai kufanyiwa uani.

Hata hivyo, mwenye gari hafiki kwa fundi mikono mitupu. Karatasi inayoonyesha silinda inayomisi, wakati inapomisi, na kwamba koili na plagi zimekwisha kubadilishana nafasi bila tatizo kuhama, humpunguzia fundi saa za kutafuta. Humpunguzia pia mwenye gari gharama ya vipuri ambavyo gari lake halikuvihitaji.