Kitabu Kilichoingia kwa Sikio

Mwaka 1967 watu wazima wa Tanzania waliojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa 33 katika kila 100. Kufikia 1975 walikuwa 61. Tarakimu hizi huzisikia kila tunapoadhimisha elimu ya watu wazima, na ni haki tujivunie. Zisichotueleza ni namna watu hao walivyokutana na kitabu. Wengi hawakukutana nacho kwa jicho.

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, kisha mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu kuhusu malaria, kichocho au minyoo. Wakajadiliana, wakachimba vyoo. Historia imevikumbuka vyoo na kumsahau msomaji. Kijitabu cha afya si fasihi, nakubali. Lakini jambo lililotendeka pale ni lilelile analolifanya bibi asimuliapo hadithi jioni. Sauti ilikuwa moja, na kila msikilizaji alijichorea picha yake: kisima alichokijua, ua wake mwenyewe, mtoto wake mgonjwa.

Uhehe umeishi na jambo hili kwa muda mrefu. Juu ya mji wa Iringa lipo jiwe la Gangilonga, ambalo maana ya jina lake ni jiwe linalosema. Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891 na kufariki Julai 1898, aliishi kwanza katika masimulizi ya wazee kabla ya kuingia katika vitabu vya shule. Fuvu linalosemekana kuwa lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarejeshwa na Gavana Twining mwaka 1954 baada ya kuchaguliwa kwa vipimo miongoni mwa mafuvu mengi katika jumba la makumbusho la Bremen. Leo limehifadhiwa Kalenga. Mgeni hulitazama, akatoka. Uso wa Mkwawa haumo humo. Uso huo kila msikilizaji amelazimika kujiumbia, na ndiyo maana mabishano juu yake hayajaisha.

Nilikumbuka hayo muhula uliopita, hapa Mbeya, nilipowasomea wanafunzi wangu kurasa kadhaa za tamthilia ya Mulokozi, Mukwawa wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979. Niliwaambia wafunge daftari. Wengine walitazamana, kwani kwao kusoma kwa sauti ni adhabu ya shule ya msingi, pale mwalimu anapokusimamisha ili darasa lisikie unavyokosea. Nilipomaliza niliwauliza waliona nini. Mmoja, mwenyeji wa Tukuyu, alisema wazungumzaji walisimama kwenye ukungu, migomba ikiwa nyuma yao. Mwingine, aliyekulia Isimani, aliona vumbi, miiba na jua kali. Walibishana kwa furaha niliyokuwa sijaiona darasani kwa siku nyingi. Yule wa Isimani alidai kwamba mtu aliyezungukwa na migomba hawezi kuwa na hasira kiasi kile!

Kisha mkono mmoja ukanyooshwa: "Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?"

Simlaumu. Amefika chuo kikuu kwa vijitabu vya uchambuzi, vyenye dhamira zilizoorodheshwa na wahusika waliokwisha kuhukumiwa; pengine tamthilia yenyewe hakuifungua. Mtihani haumuulizi aliona nini, naye ofisa anayeandaa ratiba hana saa ya kuitenga kwa ajili ya sauti. Mkulima wa 1973 asiyejua herufi hata moja aliruhusiwa kuona picha yake mwenyewe na kuitetea mbele ya kikundi. Huyu wa leo, mwenye cheti, anaomba apewe picha ya mtu mwingine ili aikariri.

Sikumjibu. Nilifungua kitabu pale tulipoishia, nikamkabidhi asome yeye.