Utafiti wa Chuo Kikuu na Lugha ya Mtoto Shuleni: Mfano wa Lubumbashi

Chuo Kikuu kilichofunguliwa Elisabethville mwaka 1956 kilifundisha kwa Kifaransa katika mji ambao wenyeji wake, kazini, sokoni na nyumbani, walisemezana kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi pande hizo mbili zilikaa kama majirani wasiopigiana hodi. Hata hivyo mji ulikuwa na maandishi yake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha hapo hapo, kwa niaba ya maboyi wa zamani, yaani watumishi wa nyumba za Wazungu. Johannes Fabian, aliyepata kufundisha Lubumbashi, aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hivyo wataalamu wakatambua kwamba lugha iliyodharauliwa iliweza kubeba historia nzima.

Shuleni mambo yalikwenda njia nyingine. Baada ya uhuru, mageuzi ya mwaka 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtoto alijifunza kusoma na papo hapo kujifunza lugha ngeni. Aliyeshindwa alihesabiwa kuwa mjinga, kumbe hakuelewa tu alichoambiwa.

Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa, na Kitivo cha Fasihi kikawekwa Lubumbashi. Mwezi wa Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walifanya mjini humo semina yao ya kwanza ya kitaifa, nao wakapendekeza lugha za nchi ziingie shuleni. Hatimaye Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa ilizitaja lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia na pia masomo yenyewe.

Lakini sheria peke yake haimfundishi mtoto. Mtoto wa Lubumbashi husema «batoto» na «shiye». Kitabu humwonyesha «watoto» na «sisi». Mwalimu asiyejua asili ya tofauti hiyo hufuta kwa wino mwekundu, na mtoto hukataliwa mara ya pili, safari hii kwa jina la Kiswahili. Isimu inaonyesha kwamba kiambishi «ba-» si kosa la ovyo: ndicho kilichomo katika Kiluba na Kibemba, na kina kanuni yake. Mwalimu aliyeelezwa hivyo huanzia kwenye «ba-» na kumwongoza mwanafunzi hadi «wa-», bila kumwaibisha.

Hapo ndipo faida ya utafiti inapopimwa. Tasnifu juu ya sarufi ya Kiswahili cha Katanga ikibaki katika maktaba, humfaa mwandishi wake tu. Ikigeuzwa kuwa somo katika vyuo vya ualimu, huwafikia watoto ambao wazazi wao ndio waliowapa watafiti maneno yao.