Taa za Nyuma: Historia Fupi ya Jeep na Watu Wanaoifuata

Hapa Kampala mtu akisifia gari anasifia sura yake ya mbele: bampa la chuma, taa kubwa, nembo ya shirika kwenye mlango. Nyuma hakuna anayeangalia. Lakini wengi wetu magari haya tunayajua kutoka nyuma. Tunatembea kando ya barabara, tunapanda boda inayofuata lori, tunabebwa kwenye msafara wa kwenda Nakivale au Kyangwali, tukiwa gari la tatu au la nne. Tunachokiona ni taa mbili nyekundu. Zikiwaka vizuri, tunajua dereva wa mbele anataka nini. Zisipowaka tunakisia, na usiku kukisia ni hatari.

Vijana ninaofanya nao kazi, ambao baadhi yao wanajifunza umeme wa magari, waliniuliza swali: kwa nini jeep moja ina taa za nyuma juu kwenye kona, nyingine chini kwenye bampa, na nyingine juu na chini? (Kwetu Kongo gari lolote la namna hii, linalovuta kwa magurudumu yote manne, tunaliita jeep, hata kama ni Toyota. Nitalitumia neno hivyo hivyo.) Ukitafuta jibu unafika vitani.

Jeep ya jeshi la Marekani ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1941. Misafara ilitembea usiku, na ndege za adui zilitafuta taa. Kwa hiyo nyuma ya jeep wakaweka taa ndogo sana za msafara, zenye matundu madogo ya kupitishia mwanga. Hesabu yake ilikuwa ya akili. Dereva wa nyuma akiona nukta moja nyekundu, yuko mbali mno. Akiona mbili, umbali unafaa. Akiona nne, amekaribia chini ya mita 20 hivi, apunguze mwendo. Kumbe taa ya nyuma ya jeep tangu zamani ilikuwa na kazi mbili: kumficha dereva asionekane na adui, na kusema na yule anayemfuata.

Baada ya vita, mwaka 1948, Waingereza walitoa Land Rover. Maurice Wilks, aliyeibuni, alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya jeshi shambani kwake. Uganda ilikuwa bado chini ya Uingereza, na Land Rover ikawa gari la serikali, la polisi na la wamisionari. Taa zake za nyuma zilikuwa duara ndogo, kila moja peke yake, zimefungwa kwa skrubu kwenye bati. Ikivunjika ya indiketa, unabadilisha hiyo tu, ya breki unaiacha. Fundi yeyote mwenye bisibisi aliweza.

Halafu ukaja mwaka 1972. Mwezi wa nane Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Biashara kubwa ya kuagiza bidhaa kutoka nje, pamoja na spea za magari, ilikuwa mikononi mwao. Maduka yakagawiwa watu waliokuja kuitwa mafutamingi, na bidhaa zilipoisha kwenye rafu ikabaki magendo. Maneno hayo mawili ni Kiswahili, na wazee wa Kampala bado wanayakumbuka. Nchi inapofika hapo, fundi haulizi tena taa ya gari gani. Anauliza ipi inawaka.

Museveni na jeshi lake waliingia Kampala tarehe 26 Januari 1986. Miaka iliyofuata mashirika ya misaada yaliongezeka, na pamoja nayo Land Cruiser na Pajero. Baadaye milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi. Na hapo ndipo swali la vijana linapata jibu lake.

Jeep nyingi za Kijapani zina tairi la spea kwenye mlango wa nyuma, na mlango wenyewe unafunguka kwa pembeni. Spea ni kubwa. Ukisimama nyuma kwa upande, inaweza kukukinga usione taa. Mlango ukiwa wazi, unaweza kuziba kona nzima. Kanuni za taa ambazo nchi nyingi zinafuata zinatoka Geneva, kwenye tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya. Kanuni namba 48 inasema taa zikae wapi, na inataka taa za lazima za nyuma zionekane hata sehemu zinazofunguka zikiwa wazi. Ndiyo maana watengenezaji wengine waliongeza taa kwenye bampa, na wengine, kama Suzuki kwa Jimny, wakazishusha zote huko chini. Kwenye bampa hakuna spea wala mlango wa kuziba. Lakini kuna tope, kuna mawe, na ukirudi nyuma kidogo tu unagonga ukuta na taa imekwenda.

Taa ya tatu ya breki, ile ya katikati juu, ina historia yake. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, John Voevodsky, alifunga taa kama hiyo kwenye teksi za San Francisco, na kugongwa kwa nyuma kukapungua kwa zaidi ya nusu. Marekani ikailazimisha kwa magari madogo ya modeli ya 1986, na kwa jeep na pikapu za modeli ya 1994. Kwenye jeep yenye spea mlangoni inabidi taa hiyo ipande juu ya tairi, la sivyo inawaka bila kuonekana.

Sasa tuingie Kisekka, soko la spea karibu na Nakivubo, lililopewa jina la Samson Kisekka, waziri mkuu wa 1986 hadi 1991. Pale utapata taa ya nyuma ya karibu kila jeep, iliyofunguliwa kwenye gari jingine, ikiwa na kipande cha waya bado kinaning'inia. Kwa kijana anayejifunza kazi, kipande hicho ni darasa. Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi ndio unaorudisha umeme kwenye bodi. Huo ukishika kutu au skrubu yake ikilegea, umeme unatafuta njia nyingine kupitia balbu za jirani. Dereva anakanyaga breki, indiketa inawaka kwa unyonge. Anawasha indiketa, taa zote za upande huo zinacheza. Watu wananunua taa nzima mpya, kumbe shida ni skrubu moja ya kusugua na msasa.

Mtego wa pili ni volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani yenyewe zina umeme wa volti 24. Nyingi zilizotengenezwa kuuzwa nje, kama zile za mashirika, ni volti 12. Zote mbili unaweza kukuta betri mbili chini ya boneti, kwa hiyo kuhesabu betri hakusaidii. Pima. Balbu ya 12 kwenye 24 inaungua palepale. Balbu ya 24 kwenye 12 inawaka kama kibatari, na dereva anasema, "Si inawaka?" Inawaka, ndiyo, lakini mtu wa boda nyuma yake haioni mapema.

Mtego wa tatu ni balbu yenyewe. Ile ya breki mara nyingi ina nyuzi mbili ndani, moja ya wati 5 kwa usiku na moja ya wati 21 kwa breki. Vipini vyake viko kimo tofauti ili iingie kwa namna moja tu. Ukiilazimisha kinyume, gari linatembea usiku kucha kama limekanyaga breki, na likikanyaga breki kweli tofauti haionekani vizuri.

Nasema haya kwa sababu barabara zetu zinajulikana. Lori likiharibika usiku njia ya Masaka au Mbarara, utaona matawi ya miti yamewekwa lamini kwa hatua chache kabla yake. Hayo matawi ndiyo taa ya nyuma ya mtu asiye na taa. Yanasaidia mchana. Usiku, mpaka taa zako ziyamulike, umeshafika.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: orodha ya asubuhi ina mafuta, maji, matairi na redio. Taa ya breki dereva hawezi kuikagua peke yake akiwa kwenye usukani. Anahitaji mtu wa kusimama nyuma na kumwambia. Abiria wapo, walinzi wa geti wapo. Inachukua dakika moja: breki, indiketa kushoto, indiketa kulia, rivasi, kisha kitambaa cha kufuta tope.

Kwa vijana wenzangu: kifaa cha kupimia umeme hakina bei ya kutisha, na mafundi wanaojua kufuata waya mpaka mwisho badala ya kubadilisha taa tu hawatoshi mjini. Kazi ipo huko nyuma ya gari, mahali ambapo watu hawaangalii.