Muhogo, mayi na siku tatu

Kwetu Kivu, mtu anaweza kushiba viazi na ndizi, jioni akasema bado hajakula, juu hajaona bugali. Lakini bugali wa mihogo si chakula cha mababu wa kale kabisa. Muhogo ulitoka Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, kisha ukaingia ndani pole pole kwa kufuata mito na njia za biashara.

Ulikuja na sumu yake. Mzizi wa muhogo mchungu ukivunjika unatoa sianidi. Wenyeji wa Brazili wanaukwangua na kuukamua. Wamama wa kwetu walichagua mayi: mizizi inakaa kisimani siku tatu, inalainika na kuchacha, inaanikwa kwenye jua, njo inatwangwa. Hakuna kitabu kilichowafundisha, na jina la sianidi hawakulijua.

Tuangalie sasa njia ya tonge. Mate yanaanza kukata wanga kuwa sukari mdomoni, lakini sisi bugali tunameza bila kutafuna (mtoto anayetafuna anachekwa!), basi kazi kubwa inabaki kwa utumbo mwembamba, kwa msaada wa maji ya kongosho. Hapo wanga unakuwa glukozi, inaingia damuni, na chembe za mwili zinaichoma kwa oksijeni. Gramu 1 ya wanga inatoa karibu kilokalori 4. Njo nguvu ya kulima. Ila protini katika unga wa mihogo ni kidogo sana, haipite asilimia 2 au 3. Mtoto anayelishwa bugali mtupu anashikwa na bwaki, tumbo na miguu vinavimba.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Sianidi kidogo inayobaki katika unga, mwili unaigeuza kwa kutumia salfa, na salfa hiyo inatoka katika protini. Kwa hiyo sambaza, maharagi na sombe pembeni ya bugali si utamu tu. Hata sombe yenyewe ina sumu ileile, njo maana inatwangwa na kupikwa muda mrefu.

Huko Kwango, mwaka wa 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo: miguu inakauka kwa ghafla, haiponi tena. Unashika zaidi wanawake na watoto. Baadaye barabara ya lami ilipofungua soko la Kinshasa kwa mihogo ya Bandundu, watu waliharakisha. Siku tatu za mayi zikawa moja, na uchunguzi uliotolewa mwaka wa 1992 ulionyesha hatari hiyo wazi. Na karibu yetu, kisiwani Idjwi, waganga waliochunguza rovu katika miaka ya 1960 waliona kwamba iodini ilikosekana kaskazini na kusini-magharibi vilevile, lakini rovu ilizidi kaskazini. Baadaye walitambua kwamba muhogo ulichangia: ile sianidi iliyogeuzwa inazuia iodini kuingia katika tezi ya shingo.

Mama aliyelowesha mihogo yake mwenyewe alijua hesabu ya siku. Leo mjini tunanunua unga kwa gigozi, mweupe, mzuri, kutoka kwa muuzaji ambaye naye aliununua kwa mwingine. Ulikaa mayi usiku ngapi? Hakuna anayeuliza, na muuzaji hana jibu.